Saa nane ya nani?

Simu iliingia saa mbili na dakika kumi asubuhi, nikiwa bado na kipande cha chapati mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mizani imeganda tena. Leo siku ya tatu."

Ni mhasibu wa mnunuzi mmoja wa dagaa, kule chini karibu na Deep Sea, hapa Tanga. Nyuma ya sauti yake nilisikia makelele ya watu wa mashua. Dagaa wako kwenye ndoo, jua linapanda, karani ameshika kalamu anangoja skrini ikubali kupokea kilo. Nikaingia kwenye seva yao kwa mbali. Hifadhidata ilikuwa imefungwa, na aliyeifunga ni programu yetu wenyewe. Bakapu, yaani kuchukua nakala ya akiba, ilikuwa inaendelea.

Bakapu ya mashine ile huanza saa nane usiku, saa ambayo ufukweni hata paka wamelala. Nikafungua faili la mipangilio. Mstari ulikuwa uleule niliouandika kwa mkono wangu miaka mitano nyuma:

saa = 8

Hakuna aliyeugusa. Siku kumi na moja kabla, usiku wa Ijumaa, tulikuwa tumesukuma toleo la 3 kwenye mashine zote za wateja, na toleo hilo lilianza kuusoma mstari ule kama 08:00.

Nieleze kwanza kipengele hiki kilivyozaliwa, maana nusu ya kosa iko hapo na ni langu. Programu ni ndogo. Inakaa nyuma ya pazia, saa ikifika inasimamisha hifadhidata kwa dakika kadhaa, inachukua nakala, inaipeleka kwenye diski ya pili na kuirusha nyingine nje ya jengo. Mteja wa kwanza alikuwa huyuhuyu mama. Hakutaka kila akitaka kubadili kitu apande ngazi hadi ofisini kwetu Ngamiani. Alitaka afungue faili mwenyewe, abadilishe, afunge. Nikamuuliza bakapu ifanyike saa ngapi. Akasema saa nane, hapo hata mlinzi ameshasinzia. Nikaandika 8. Ndani ya msimbo nikaweka hesabu ya kujumlisha 18 na kutoa 24 inapozidi, kwa hiyo 8 inakuwa 02:00, 6 inakuwa usiku wa manane, 2 inakuwa 20:00. Kwenye mwongozo nikaandika mstari mmoja: "saa: saa ya kuanza bakapu, 1 hadi 12."

Neno "usiku" sikuliandika popote. Kwangu lilikuwa wazi mno. Nani anafanya bakapu mchana?

Miaka ikapita, mashine zikafika thelathini na nane: zahanati, maduka ya vifaa vya ujenzi, shule mbili, SACCOS moja, wanunuzi wa samaki na wa mwani. Wengi waliacha ile 8 iliyokuwa kwenye faili la mfano. Wenye maduka waliandika 2 au 3, kwa sababu hufunga saa tatu na nusu na kuzima kila kitu, na wanataka bakapu iwe imekwisha kabla hawajavuta mlango wa chuma. Haya yote yalikuwa yamekaa kwenye mafaili ambayo sisi hatukuwa tunayaona wala hatukuwa tumeyaandika.

Kisha akaja mtu wa kompyuta wa kituo kimoja cha afya, mteja mtarajiwa, akataka bakapu ya mchana. Akaandika saa = 14. Programu ikamkatalia: nje ya 1 hadi 12. Kijana wetu, aliyekuwa na miezi minne tangu atoke chuo Dar es Salaam, akapewa kazi ya kurekebisha. Akafungua msimbo, akakuta hesabu ya kujumlisha 18 isiyo na maelezo hata neno moja. Akaona ni takataka ya zamani. Akaifuta, akapanua wigo uwe 0 hadi 23, na kwenye majaribio, yaani programu fupi zinazohakiki msimbo, mahali palipoandikwa kwamba 8 itoe 2, akabadilisha: 8 itoe 8. Majaribio yote yakapita. Kwenye orodha ya mabadiliko, chini ya kichwa cha marekebisho ya hitilafu, akaandika: "Kurekebisha usomaji wa saa." Mimi ndiye niliyepitia kazi hiyo na kuikubali. Nilikuwa natazama kitu kingine kwenye toleo hilo, namna mpya ya kubana mafaili, na mstari wa saa niliupita kama mtu anavyopita mlango wa jirani.

Niliporudi baadaye kusoma mabadiliko yale, kilichonikera zaidi ni lile jaribio. Jaribio lilikuwa ndilo shahidi pekee aliyebaki wa maana ya zamani. Lilisema 8 ni 2, na lilikuwa sahihi, likarekebishwa ushahidi wake siku ileile aliyoshitakiwa mtu. Tangu hapo, badiliko linalogusa msimbo na tegemeo la jaribio lake kwa pamoja, sisi tunalisoma mara mbili, na wa pili kusoma lazima awe mtu mwingine.

Sasa mtu atauliza, na mama aliniuliza: kama sasisho lilikuja Ijumaa ile, mbona mizani ilianza kuganda baada ya zaidi ya wiki? Jibu liko angani. Ijumaa ile ilikuwa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, gizani, na mwezi ukiwa mpevu mashua hukaa. Wiki nzima hapakuwa na mtu wa kupima asubuhi. Bakapu ikawa inafunga hifadhidata saa mbili asubuhi bila kumsumbua yeyote. Giza liliporudi, mashua zikarudi, na tatizo likaonekana. Mashine nyingine zenye 8 zilikuwa ofisini, na huko watu waliona tu kwamba asubuhi kompyuta ni nzito, wakasubiri, wakanywa chai.

Huo ndio upande wa tatizo uliopiga kelele. Upande wa pili ulikaa kimya. Wale wa 2 na 3, wanane jumla, bakapu yao ilihamia 02:00 na 03:00, na wakati huo mashine zimezimwa, zimefunikwa na kitambaa. Bakapu ikawa haifanyiki kabisa. Programu yetu haikuwa na tabia ya anacron, programu ya Linux, ya kuamka na kusema kazi ya jana haikufanyika ngoja niifanye sasa. Wala haikuwa inampigia mtu kelele. Kwenye mashine hizo nane, nakala ya mwisho ilikuwa ya Ijumaa ya sasisho, saa mbili au saa tatu usiku.

Tukaanza kupiga simu. Siku ya pili ya kupiga simu, kabla hatujafika kwenye jina lake, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi Muheza akapiga mwenyewe. Mashine haiwaki tangu juzi. Diski ilikuwa imekufa, na iliyokufa ndiyo yenye kila kitu. Mauzo ya tangu Ijumaa ile hayakuwa na nakala popote, yakiwemo ya mali kauli, ambayo ndiyo yanamuuma mwenye duka kwa kuwa mteja hajalipa. Bahati, risiti zake ni za kitabu chenye karatasi ya kaboni. Tulikaa naye jioni tatu, mmoja anasoma, mwingine anaandika: mabati ya geji 30, saruji, misumari, jina la fundi, kiasi kilichobaki. Nilimweleza kilichotokea kadiri nilivyoweza, saa ya Kiswahili na saa ya kompyuta. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Mwanangu, saa mbili yangu mimi ni ileile."

Ofisini ukazuka mjadala, na haukuwa wa kutafutana lawama. Kijana alikuwa na hoja. Alisema mhandisi yeyote duniani akiona saa = 8 atasoma 08:00; kwamba mwongozo haukutaja usiku; kwamba kubakiza hesabu ya 18 ni kubeba aibu milele. Na alisema toleo la 3 lilikuwa toleo kubwa, na orodha ya mabadiliko ilitaja jambo hilo.

Kuhusu aibu, nilimwonyesha aibu kubwa kuliko yetu, na inatuhusu sisi wenyewe. Kwenye mifumo ya Unix, ukiandika ukanda wa saa kwa mtindo wa POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo hiyo, Afrika Mashariki ni EAT-3. Kutoa tatu! Sisi tulio mbele ya Greenwich kwa saa tatu tunaandikwa kwa alama ya kutoa, kwa kuwa huko namba chanya zinahesabiwa kuelekea magharibi. Na kwenye hifadhidata ya kanda za saa jina Etc/GMT-3 maana yake ni saa tatu mbele. Kila mwaka kuna mtu anaigundua na kuamini ni hitilafu. Wanaotunza hifadhidata hiyo hawajaigeuza, kwa sababu siku watakapoigeuza, kila mashine yenye mstari huo itaruka saa sita kwa mkupuo. Walichofanya watu ni kutumia jina jingine lisilo na alama, Africa/Dar_es_Salaam, na kuiacha ile ya zamani ilivyo.

Akajibu kwamba ile ni kiwango cha kimataifa, yetu ni programu ya Ngamiani. Nikamuuliza mzee wa Muheza anajua kiwango gani. Hapo sote tukanyamaza kidogo.

Kuhusu orodha ya mabadiliko, nina mfano mwingine ambao watu wa Linux wanaukumbuka. Mei 2016, systemd, programu inayosimamia mifumo mingi ya Linux, kwenye toleo la 230 ilibadilisha thamani ya kawaida ya KillUserProcesses ikawa yes: mtumiaji akitoka kwenye mfumo, kila alichokiacha kikiendelea kinauawa. Waliozoea kuacha kazi ndefu ndani ya screen au tmux, au kwa nohup, zana za kuiacha kazi iendelee mtu akishatoka, wakarudi wakakuta hakuna kitu. Iliandikwa, ndiyo, ilitangazwa. Debian, wasambazaji wa aina moja ya Linux, hata hivyo wakaweka no kwenye vifurushi vyao. Lakini ukitazama vizuri, kosa letu lilikuwa baya kuliko lile. Pale kilichobadilishwa ni thamani ya msingi, yaani jibu la mtu ambaye hakuandika chochote. Aliyekuwa ameandika no kwa mkono wake alibaki na no yake. Sisi tuliwageuzia neno hasa wale walioandika. Mtu aliyefanya juhudi ya kufungua faili, kufikiri, na kuandika 2, huyo ndiye tuliyemwadhibu, na aliyejaza kwa uvivu akaganda asubuhi tu.

Tulikubaliana kwamba maana ya zamani irudi. Hilo lilichukua dakika tano. Kilichotuchukua siku nne ni kugundua kwamba kurudi nako ni kubadilisha.

Maana katika siku zile kumi na moja kulikuwa na watu walioishi na maana mpya. Mashine tatu zilikuwa zimewekewa programu kwa mara ya kwanza, tayari ikiwa toleo la 3: kile kituo cha afya chenye 14, nyingine yenye 22, na nyumba moja ya wageni Pangani yenye 8. Na kulikuwa na zahanati moja, mteja wa zamani, ambako mtu wao wa kompyuta aliona uzito wa asubuhi, akachunguza mwenyewe, akagundua, akabadilisha 8 ikawa 2 ili bakapu irudi 02:00. Huyu ndiye aliyekasirika kuliko wote. "Mnabadilisha tena? Mimi nimeshawazoea." Alikuwa na haki. Tulimvunjia mara moja, akajishonea, tukawa tunakwenda kuufumua mshono wake.

Tukatazama tarehe ambayo kila faili lilihaririwa mara ya mwisho. Lililoguswa kabla ya Ijumaa ile, maana yake ni ya zamani, halina mjadala. Lililoguswa baada ya hapo, tusikisie, tumuulize mwenyewe. Hayo yalikuwa manne tu. Ningekuwa na wateja elfu nne nisingejua pa kuanzia, na hapo nashukuru udogo wetu.

Kwa siku za mbele, mwenzetu wa tatu alipendekeza tuweke juu ya kila faili mstari wa toleo la mipangilio: faili lenye 1 lisomwe kwa saa ya zamani, lenye 2 kwa saa ya 24. Ni wazo zuri kwenye karatasi. Lakini mafaili haya hayaishi peke yake. Karani wa Mkinga anamtumia mwenzake wa Tanga picha ya mstari mmoja kwa WhatsApp, "weka hii, kwangu inafanya kazi." Mstari unasafiri, kichwa cha faili kinabaki. Maana ikikaa mbali na mstari, mstari utafika ugenini bila maana yake.

Basi tukafuata njia ya watu wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ambao katika hili wananifurahisha. Walikuwa na kipengele wal_keep_segments, kinachohesabu vipande vya kumbukumbu ya miamala vinavyobakizwa. Kwenye toleo la 13, mwaka 2020, wakataka kihesabiwe kwa ukubwa, megabaiti. Hawakusema kuanzia leo namba ileile ni megabaiti. Waliliondoa jina, wakaleta wal_keep_size. Mwenye faili la zamani seva yake inakataa kuwaka na kumwambia jina hili silijui. Anaudhika dakika kumi, anasoma, anaandika upya. Fikiria kama jina lingebaki: aliyekuwa na vipande 64, kila kimoja megabaiti 16, yaani gigabaiti moja, angeamka na megabaiti 64, na asingejua hadi siku seva yake ya pili itakapoachwa nyuma.

Tukaleta kipengele kipya, muda, kinachoandikwa kwa nukta mbili na tarakimu nne: muda = 14:00. Nukta mbili zile ni za makusudi. Mtu akiandika saa = 14:00 programu inakataa, na akiandika muda = 8 inakataa vilevile, kwa hiyo hakuna thamani moja inayokubalika pande zote mbili. Kipengele saa kinabaki na 1 hadi 12 yake ya usiku, sasa kikiwa kimeelezwa kwa maneno kumi na mawili kwenye mwongozo, na hakitaondolewa.

Tulibishana kwenye faili lenye vyote viwili. Kijana alitaka programu ikatae kuwaka, kama PostgreSQL toleo la 12 inavyokataa ikikuta recovery.conf, faili lake la mipangilio la zamani. Kwa hifadhidata nakubali, ikikataa kuwaka kuna mtu mlangoni anapiga kelele ndani ya dakika moja. Bakapu haina mtu mlangoni. Ikikataa kuwaka, tumemrudisha mzee wa Muheza palepale. Tukaamua ikikuta vyote viwili ichukue nakala saa zote mbili na itutumie ujumbe. Nakala ya ziada inakula diski tu. Kijana ndiye aliyeandika sehemu hiyo, na aliongeza kitu ambacho sikukifikiria: usiku mbili zikipita bila nakala, ujumbe unakuja kwetu hata kama mashine imezimwa, kwa kuwa anayehesabu ni seva yetu na si mashine ya mteja.

Kituo cha afya na ile ya 22 walijibu simu, tukawabadilishia tukiwa ofisini. Zahanati ilikubali muda = 02:00 baada ya kutusema vya kutosha. Ikabaki Pangani. Simu haikupokelewa siku mbili. Tulijua imewekewa toleo la 3 tangu mwanzo, kwa hiyo kwa usomaji wa toleo hilo 8 yake ilikuwa 08:00, na kijana akasema tuandike hivyo tumalize. Nikamwambia kanuni ni tuulize. Ni kilomita zipatazo 50, akapanda basi asubuhi.

Alinitumia picha kabla ya adhuhuri. Kwenye ukingo wa skrini ya mapokezi kuna karatasi imebandikwa kwa gundi ya plasta, kalamu nyekundu: SAA 8 USIZIME. Akamuuliza dada wa mapokezi, saa nane hii ni ya usiku au ndiyo saa mbili asubuhi ya kompyuta? Dada akamwangalia kama mtu aliyechoka na safari.

"Kaka, saa nane mchana. Wageni wameshatoka, sisi tunakula. Usiku mashine tunazima."

Haikuwa maana yetu ya zamani wala ya mpya. Siku zote zile bakapu ilikuwa inafanyika saa mbili asubuhi, wageni wakilipa, na karatasi ikilinda saa ambayo hakuna kilichokuwa kinatokea. Kijana akafuta mstari, akaandika muda = 14:00, akakaa pale akala nao wali na samaki hadi saa nane ilipofika, aone kwa macho yake taa ya diski ikiwaka.